Fungunyota moja, picha kumi na moja: kuipima darubini mpya ya lenzi

Tarehe 20 Mei 1990, hata mwezi haujatimia tangu chombo cha Discovery kiipeleke juu, darubini ya Hubble ilipiga picha yake ya kwanza. Haikuelekezwa kwenye galaksi wala kwenye pete za Zohali. Ilielekezwa kwenye fungunyota NGC 3532, katika kundinyota la Mkuku. Picha hiyo ikawekwa kando ya nyingine ya eneo lilelile, iliyopigwa kwa darubini ya inchi 100 kutoka Las Campanas, Chile, na ya Hubble ikaonekana kali zaidi. Watu wakafurahi. Mwishoni mwa Juni ikatangazwa kwamba kioo kikuu cha mita 2.4 kilisagwa vibaya. Ukingoni kilikuwa bapa kupita kiasi kwa takriban mikroni 2.2, kwa sababu lenzi moja ya kifaa kilichotumika kukipimia kiwandani ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Wanaanga walikwenda kurekebisha Desemba 1993.

Ile picha moja haikulifichua kosa. Lilifichuka wahandisi walipokuwa wakisogeza fokasi mbele na nyuma, wakaona hakuna mahali ambapo nuru yote ya nyota inakusanyika. Ukisogeza huku, sehemu moja inakaza na nyingine inatawanyika. Ukisogeza kule, hivyohivyo. Mtu aliyenunua darubini ya lenzi ya milimita 80 na kuifunga kamera nyuma yake yuko katika hali ileile. Picha moja ya kupendeza haimthibitishii kwamba lenzi ni nzima, na picha moja mbaya haimthibitishii kwamba ni mbovu. Anachohitaji ni mfululizo wa picha za fungunyota moja, fokasi ikisogezwa hatua kwa hatua kwa kipimo kinachojulikana.

Mfano utakaotumika hapa ni darubini ya milimita 80 yenye urefu wa fokasi wa milimita 480, yaani f/6 (480 ikigawanywa kwa 80), ikiwa na lenzi mbili au tatu zenye kioo cha ED, kile kinachotawanya rangi kidogo. Nyuma yake kuna lenzi ya kunyoosha uwanja, inayofanya kona za picha zikae kwenye fokasi pamoja na katikati, na kamera yenye kihisi cha ukubwa wa APS-C yenye pikseli za mikroni 3.7 hivi. Zidisha 206 kwa 3.7 kisha gawanya kwa 480: kila pikseli inafunika sekunde 1.6 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja). Fremu nzima ni kama nyuzi 2.8 kwa 1.9. Darubini yako ikiwa tofauti, fanya hesabu hiyo kwanza, maana namba nyingine zote zinaitegemea.

Nyota ni nukta. Hata iwe kubwa kuliko Jua mara elfu, kwa darubini hii haina upana wowote wa kuonekana, kwa hiyo upana wote unaouona kwenye picha umeongezwa na kitu fulani kati ya nyota na faili lako: hewa, lenzi, fokasi, stendi, au kamera. Kwa f/6 mwanga wenyewe hauruhusu nyota iwe ndogo kuliko duara la mikroni 8, pikseli mbili na kidogo. Nyota moja inakueleza habari za katikati tu. Fungunyota linakupa mamia ya nukta, katikati hadi pembeni, hafifu na angavu, za buluu na za rangi ya chungwa, zote kwa wakati mmoja na kupitia hewa ileile.

Wengi hukimbilia Kilimia, na haishangazi, kwa kuwa ndilo fungunyota ambalo kila mtu wa pwani amelisikia: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Galileo alikichora mwaka 1610 kwa darubini ya lenzi, nyota 36. Lakini kwa kazi hii Kilimia kina kasoro moja kubwa: nyota zake za buluu zimezungukwa na vumbi linaloakisi mwanga wao, hasa karibu na nyota yake iitwayo Merope. Darubini dhaifu nayo huzizungushia nyota za buluu ukungu wa buluu na zambarau. Ukiona ukungu kuzunguka Merope utajuaje kama ni vumbi la angani au ni kioo chako? Mwenye uzoefu anaweza kutofautisha. Anayeanza atapongeza kosa la lenzi akidhani amepata nebula.

NGC 3532 halina utata huo. Mwanaastronomia Mfaransa Lacaille aliliorodhesha akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 hadi 1752, na lina upana wa karibu nyuzi moja, likiacha nafasi nzuri pande zote za fremu yetu. Nyota zake nyingi ni nyeupe na za buluu-nyeupe, na kati yake zimo chache kubwa za rangi ya chungwa. Ukingoni, kama dakika 26 za tao kutoka katikati, iko x Carinae, nyota ya njano yenye mwangaza wa 3.9 (namba ikiwa ndogo, nyota ni angavu zaidi), ambayo si ya fungunyota hili. Iko mbali zaidi nyuma yake. Kwa kuwa eneo lote limelala ndani ya Njia Nyeupe, hata kona za fremu zimejaa nyota. Ni hapa ndipo darubini nyingi hushindwa, na ukipima kwa fungunyota lenye kona tupu hutajua lolote.

Kulipata ni rahisi. Tafuta Salibu, yaani Msalaba wa Kusini, nyosha mkono na ukunje ngumi, kisha pima upana wa ngumi moja kutoka Salibu kuelekea upande wa nyota Suheli (Canopus). Macho matupu yanaona doa la ukungu. Kutoka Dar es Salaam au Dodoma halipandi zaidi ya nyuzi 38 juu ya upeo wa kusini, na Nairobi ni kama 32. Kipindi chake bora, Machi hadi Mei, ndicho cha masika, basi kwa pwani nafasi halisi huja mwanzoni mwa Juni: anza saa moja unusu usiku likiwa bado juu, maliza kabla ya saa tatu na nusu, maana baada ya hapo limeshuka chini ya nyuzi 30 na hewa nzito ya upeoni inaanza kuharibu kila kitu. Mwezi mpevu si kikwazo. Taa za mji pia si kikwazo kikubwa, kwa kuwa tunapima umbo la nyota, hatutafuti nebula hafifu. Usipoteze usiku wa giza kwa jaribio ambalo linafanyika vizuri penye mbalamwezi, uani nyumbani.

Stendi kwanza, kioo baadaye

Kwa latitudo zetu stendi ndiyo husingizia lenzi makosa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 7 tu juu ya upeo kwa mtu wa Dar es Salaam, nyuzi moja na kitu kwa mtu wa Nairobi, na Kampala iko chini ya upeo kabisa. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu na haionekani kwenye ukungu wa upeoni. Stendi nyingi za kiikweta, zile ambazo mhimili wake wa kuzunguka (ekseli) huelekezwa kwenye ncha hiyo ili zifuate nyota, zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, na skrubu yake ya latitudo hugoma kushuka chini ya nyuzi 15 au 20. Suluhisho ni kuinamisha miguu yenyewe: fupisha mguu wa kusini. Ukihitaji kupunguza nyuzi 8, na umbali kutoka mguu huo hadi mstari wa miguu mingine miwili ni sentimita 75, utaushusha kama sentimita 10 na nusu. Kisha zungusha stendi polepole kwa mkono, mzunguko wote, ukiangalia kama chuma cha uzani kinagonga mguu. Usiache mota iligundue hilo yenyewe.

Kuielekeza ekseli kwenye ncha usiyoiona kunawezekana kwa programu ya N.I.N.A., ambayo ina zana ya kupima pointi tatu popote angani na kukuambia ekseli imekosea kiasi gani. Bila kompyuta, fuata njia ya zamani: tazama nyota inavyoteleza kaskazini au kusini kwa dakika kadhaa, sahihisha, rudia. Kwa jaribio hili huhitaji ukamilifu. Ekseli ikikosea kwa nusu nyuzi, nyota inaweza kuteleza hadi sekunde 0.13 za tao kila sekunde ya saa. Kwa picha ya sekunde 30 hiyo ni zaidi ya pikseli mbili, kosa linaloonekana wazi. Kwa picha ya sekunde 10 haifiki pikseli moja. Kwa hiyo picha ziwe fupi.

Kuna ukaguzi mmoja wa lazima kabla ya kusema neno lolote kuhusu kioo. Piga picha ya sekunde 1, kisha ya sekunde 15. Nyota zikiwa za mviringo kwenye ya kwanza na ndefu kwenye ya pili, na urefu huo ukielekea upande mmoja fremu nzima, basi ni stendi, upepo, au ekseli. Lenzi haihusiki.

Darubini itoe nje mapema, dakika 40 kabla, ipoe ifanane na hewa. Hewa ya joto iliyobaki ndani ya bomba huchezea nyota na kuiga makosa ya lenzi. Pwani, vuta kinga ya umande mbele na ufunge mkanda wa joto kwa nguvu ndogo; lenzi ikipata umande, nyota zote huvaa ukungu laini na utaishtaki bure.

Mfululizo wa picha kumi na moja

Fokasa, yaani sehemu inayosogeza bomba dogo lililoshika kamera ndani na nje, kwa darubini nyingi za namna hii ina kirungu kikubwa na kingine kidogo cha kusogeza kwa upole, kwa uwiano wa kumi kwa moja. Tunachohitaji ni kujua kirungu kidogo kinasogeza bomba milimita ngapi. Kizungushe mara tano kamili na upime kwa rula au kalipa bomba limesogea kiasi gani. Tuseme ni milimita 10. Basi mzunguko mmoja ni milimita 2. Kizungushie mkanda wa karatasi wenye alama 20 zilizolingana, na kila alama itakuwa milimita 0.1. Namba zako zitatofautiana. Gawanya alama kulingana na ulichopima.

Kwa nini 0.1? Kwa f/6, eneo ambalo fokasi inahesabiwa kuwa sahihi lina kina cha kama milimita 0.1 kwa jumla. Ukitoka nje kwa milimita 0.1 nyota inakuwa duara la pikseli 4 hadi 5. Ukitoka kwa 0.5 inakuwa duara la pikseli 22, kubwa vya kutosha kuona pete ndani yake. Hatua tano kila upande wa fokasi zinatosha kusimulia habari yote.

Anza kwa kupata fokasi bora kwa barakoa ya Bahtinov ukitumia x Carinae. Hiyo barakoa ni karatasi ngumu au plastiki yenye mikato ya mistari, inayowekwa mbele ya lenzi. Nyota inatoa miale mitatu, na ule wa kati ukikaa katikati kabisa ya msalaba wa mingine miwili, umefika. Andika alama ya kirungu. Ondoa barakoa (si mara moja wala mbili watu hupiga picha zote ikiwa bado iko). Toa bomba nje hadi upite hatua ya tano kwa mzunguko mzima, kisha rudi ndani mpaka ufikie alama ya +5. Kuanzia hapo songa ndani tu, hatua moja kila mara, hadi −5. Ukigeuza mwelekeo katikati ya kazi, ulegevu wa meno utameza nusu ya hatua na vipimo vyako vitakuwa vya kubahatisha. Kuingiza bomba ndani huku darubini imeinuka kuna faida nyingine: unasukuma uzito wa kamera juu, kwa hiyo meno yanabaki yameshikana. Skrubu ya kukaza fokasa ikazwe kidogo wakati wote, isiachwe legevu kisha ikabanwa kila hatua, maana kule kubana kwenyewe kunasogeza fokasi na kuinamisha kamera.

Kila hatua piga picha tatu za sekunde 2 kwa ISO 400, faili ghafi, kwa saa ya kujipiga ili mkono usitikise chochote. Ukiona nyota za katikati zimeungua, fupisha muda. Kamera ya biti 14 ina kikomo cha 16,383; nyota unayoipima isizidi 12,000 kwenye kilele chake, la sivyo upana wake ni wa uongo. Mwishoni, rudi kwenye fokasi bora kwa njia ileile na upige picha kumi za sekunde 15 kwa ISO 800 kwa ajili ya kona. Angalia kipimajoto ukianza na ukimaliza. Bomba la alumini la sentimita 40 hufupika kwa karibu mikroni 46 hewa ikipoa nyuzi 5 za Selsiasi, na hiyo ni nusu ya lile eneo la fokasi. Dodoma au Njombe joto hushuka kiasi hicho kwa muda mfupi.

Kuzisoma

Siril ni programu ya bure na inatosha kwa yote yanayofuata. Tenga rangi ya kijani peke yake kwenye picha zote kumi na moja na uanze nayo, kwa sababu lenzi hutengenezwa ili iwe bora kwenye kijani. Chagua nyota moja iliyo karibu na katikati ya fremu, yenye mwangaza wa wastani, upime upana wake kwenye kila hatua. Panga namba hizo: lenzi nzuri inatoa umbo la V, pande mbili zinashuka sawasawa na kukutana chini kwenye pikseli 2 hadi 2.5. Chini pakiwa papana kama karai, hatua tatu au nne zote zikitoa upana wa pikseli 4 bila kushuka zaidi, kuna mawili: hewa haikutulia, au nuru ya ukingoni mwa lenzi haikutani na ya katikati, ugonjwa uleule wa Hubble. Hewa hubadilika; kosa la kioo halibadiliki. Rudia mfululizo usiku mwingine kabla ya kukata shauri.

Kisha tazama kwa macho jozi za hatua zinazolingana: −4 kando ya +4, −5 kando ya +5. Zikuze hadi uone pikseli moja moja. Kwenye lenzi nzuri, duara la ndani na la nje yanafanana kama mapacha, pete zake zikiwa na kitovu kimoja. Upande mmoja ukiwa na duara lenye ukingo mkali unaong'aa na wa pili ukiwa na duara linalofifia pembeni kama moshi, ni kosa la tufe. Kidogo chake kipo karibu kwenye kila darubini ya bei ya kawaida na picha zako hazitaumia. Kikiwa kikubwa mpaka V imegeuka karai, rudisha.

Alama inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko zote ni umbo la yai. Nyota iliyorefuka kwa sababu ya stendi hurefuka upande uleule kwenye hatua zote. Lakini ukiona duara la −3 limelala kama yai la kushoto-kulia, kisha la +3 limesimama juu-chini, yaani limegeuka robo mzunguko kwa kuvuka fokasi, hakuna upepo wala mota inayoweza kufanya hivyo. Ni lenzi iliyobanwa au iliyosagwa vibaya, na katikati ya fremu kosa hilo halivumiliki. Umbo la pembetatu ni jambo jingine: hubaki limeelekea upande uleule ndani na nje ya fokasi, na maana yake ni kwamba lenzi imebanwa sehemu tatu, ama na skrubu za pembeni ama na vipande vinavyoitenganisha na mwenzake. Likija usiku wa baridi tu na kutoweka kwenye joto, chuma kimesinyaa kuliko kioo. Jizuie kufungua kifuniko cha lenzi ukalegeze mwenyewe. Lenzi hizo zimepangwa kwa vipimo ambavyo bisibisi ya nyumbani haiwezi kuvirudisha, na dhamana inaisha pale pale.

Sasa kona, kwa zile picha za sekunde 15. Bila lenzi ya kunyoosha uwanja, kona mbaya ni jambo la kawaida, wala si kasoro. Picha inayotengenezwa na darubini ya lenzi imepinda kama sehemu ya ndani ya bakuli, na nusu kipenyo cha bakuli hilo ni takriban theluthi moja ya urefu wa fokasi, kwetu milimita 160. Kwenye kona ya APS-C, milimita 14 kutoka katikati, fokasi inakuwa imesogea zaidi ya nusu milimita. Lenzi ya kunyoosha huondoa mpindo huo, lakini iwe tu imekaa umbali wake kamili kutoka kwenye kihisi cha kamera, na kwa nyingi umbali huo ni milimita 55. Canon EF ina milimita 44 kutoka mdomo wa kamera hadi kihisi, na ringi ya T, ile inayounganisha kamera na darubini, inaongeza 11. Nikon F ni 46.5 na ringi ya 8.5. Ukiweka kichujio katikati, ongeza theluthi moja ya unene wake: kioo cha milimita 2 kinadai 0.7 zaidi.

Nyota za kona zote nne zikiwa ndefu kama mishale inayotoka katikati, kwa lenzi nyingi za kunyoosha maana yake kihisi kiko karibu mno. Ongeza ringi ya nusu milimita na ujaribu tena. Zikiwa zimepinda kuzunguka katikati kama maji yanayozunguka, kiko mbali mno. Baadhi ya miundo huenda kinyume, kwa hiyo amini jaribio: kama nusu milimita imezidisha ubaya, rudi upande wa pili. Ringi nyembamba za plastiki au shaba za 0.3, 0.5 na 1 mm ni za bei ndogo na zinaokoa darubini nyingi zilizohukumiwa bila hatia.

Kona moja au upande mmoja ukiwa mbaya na mwingine mzuri, kuna kitu kimeinama. Legeza kamera na uizungushe nusu mzunguko, bila kugusa bomba, kisha piga tena. Ubaya ukibaki kwenye kona ileile ya picha, umeinama upande wa kamera: ringi ya T iliyolegea, adapta, au kihisi chenyewe. Ukihamia kona ya mkabala, unatoka upande wa darubini, na mshukiwa wa kwanza ni fokasa inayolegea kwa uzito wa kamera. Shika kamera kwa mkono wakati bomba limetoka nje na uitikise taratibu. Ukisikia mchezo, umempata. Zipo skrubu ndogo za kurekebisha chini au juu ya fokasa nyingi, na kuzikaza robo mzunguko kila moja mara nyingi kunatosha. Lenzi ya mbele huwa mshukiwa wa mwisho. Programu ya ASTAP, nayo ya bure, huchora ramani ya upana wa nyota fremu nzima na kutaja mwinamo kwa asilimia, hivyo hubishani na macho yako.

Rangi

Rudi kwenye ule mfululizo na upime V tatu: nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Uliza kila rangi inafikia chini kwenye hatua ya ngapi. Darubini ya zamani ya lenzi mbili za kioo cha kawaida, aina ambayo John Dollond aliipatia hataza mwaka 1758, huachanisha buluu na kijani kwa takriban sehemu moja ya 2000 ya urefu wa fokasi. Kwa milimita 480 hiyo ni milimita 0.24, zaidi ya hatua zetu mbili. Kioo cha ED kizuri, FPL-53 kwa mfano, kikiunganishwa na mwenzake anayefaa, kinapaswa kuziweka rangi zote tatu ndani ya hatua moja. Kama buluu yako iko hatua mbili au tatu mbali na kijani, herufi ED zilizochongwa kwenye bomba hazina uzito wowote. Buluu ikifika chini hatua ileile lakini upana wake ukizidi wa kijani kwa robo hivi, kwa lenzi mbili hiyo ni kazi ya kuridhisha.

Mduara wa zambarau hautokei kwenye x Carinae hata kwa lenzi mbaya, kwa sababu nyota ya njano haina zambarau nyingi ya kutoa. Mtihani wenyewe uko nyuzi sita hivi upande wa kusini: fungunyota IC 2602, ambalo wengi huliita Kilimia cha Kusini, na nyota yake kuu Theta Carinae, ya buluu na yenye joto kali, mwangaza 2.8. Ipige picha ya sekunde 15 na uiweke kando ya x Carinae. Zambarau ikionekana kwa Theta pekee, ni mwanga wa chini ya nanomita 430 ambao lenzi haijauleta kwenye fokasi, na kichujio kinachokata hapo kitasaidia sana. Kamera iliyoondolewa kichujio chake cha ndani ni kesi tofauti: inapokea mwanga usioonekana wa upande wa nyekundu, na lenzi haikutengenezwa kwa ajili yake. Bila kichujio cha kukata pande zote mbili, nyota zitavimba hata kwenye darubini bora kabisa.

Mtego mmoja umebaki. Kwa urefu wa nyuzi 38 hewa yenyewe hufanya kazi ya prizimu. Buluu inainuliwa kuelekea utosini na nyekundu inabaki chini, tofauti ya kama sekunde 2 za tao kutoka mwisho hadi mwisho, zaidi ya pikseli moja. Kila nyota inavaa nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili, fremu nzima, sawasawa kabisa na lenzi iliyokaa nje ya mhimili. Legeza pete zinazoshika bomba, ulizungushe robo mzunguko pamoja na kamera yake, kisha upige tena. Kosa la lenzi litabaki upande uleule wa picha. La hewa litageuka robo mzunguko, kwa kuwa halijui bomba limelala vipi. Linajua juu na chini tu. Au subiri hadi kati ya saa saba na saa nane usiku, mwanzoni mwa Juni hiyohiyo, fungunyota Messier 7 ikiwa nyuzi 60 na zaidi juu ya upeo kwenye mkia wa Nge, urudie rangi pale ambapo prizimu ya hewa imepungua zaidi ya nusu.

Ikibidi kurudisha darubini, muuzaji hatasikiliza maelezo marefu. Mpelekee vipande vya kijani vya −4 na +4 vilivyokatwa kandokando, namba za ile V kwa usiku mbili tofauti, jozi ya picha kabla na baada ya kuzungusha kamera, na faili ghafi zake zote zikiwa hazijaguswa. Taja joto la hewa na urefu wa fungunyota juu ya upeo kwa kila moja.